Kabla ya Kuhesabu Viti

Yeyote aliyewahi kukaa katika mkutano mkuu wa ushirika huko Masisi, Kivu Kaskazini, ataitambua picha hii. Watu wameanza kufika asubuhi na mapema, na waliotoka mbali wameondoka kwao jana. Turubai limefungwa kwenye nguzo za mikaratusi. Mezani kuna daftari, muhuri na chupa ya maji ya prezida. Ajenda ina mambo saba: la kwanza ni hesabu ya mwaka, la mwisho ni uchaguzi wa viongozi. Lakini jua linafika utosini na watu bado wako kwenye jambo ambalo halikuandikwa popote: viti viwe vingapi. Mzee mmoja anasimama, anavua kofia. "Baba Prezida, sisi wa Katoyi tumeleta maharagwe sawa na wenzetu. Katika viongozi hao saba, wa kwetu ni nani?" Mwingine anamjibu kwamba akipewa Katoyi, kesho Osso nao watadai. Mama mmoja anauliza mbona hesabu yote hii inahesabu milima na haihesabu wanawake. Huyu anasema wapishi wengi huharibu mchuzi, yule anasema kidole kimoja hakivunji chawa, na wote wawili wanapigiwa makofi. Jioni mawingu yanashuka. Katibu anaandika kwenye PV, yaani kumbukumbu za mkutano, kwamba viti vimetoka saba kuwa kumi na kimoja, na kwamba hesabu ya mwaka imeahirishwa.

Hapo ndipo panaponiuma. Viti vimepatikana, hesabu imeahirishwa. Ugomvi wa idadi ya viongozi umewala wanachama siku nzima, na jambo lililowatoa nyumbani, yaani kujua mali yao imekwendaje, limerudi ndani ya daftari.

Ugomvi huu si wa kijiji kimoja. Uko katika ushirika wa wakulima na katika vikundi vya wafugaji, uko katika ushirika wa wachimbaji wa koltani na kasiteriti, uko hata katika kamati za maji na za barabara. Wageni wanaoleta miradi huuona kama tabia ya watu kupenda vyeo. Sikubaliani nao. Watu wa Masisi na wa jirani yake Walikale wana sababu za kupigania viti, na sababu hizo zina historia. Ila naamini kwamba wanapigania kitu cha pili kabla ya kile cha kwanza.

Tuanze na sheria, maana wengi hubishana juu ya idadi kana kwamba ni neno la mkutano peke yake. Kwa miaka mingi ushirika nchini Kongo uliongozwa na dekreti ya kikoloni ya tarehe 24 Machi 1956. Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, Septemba 2012, ilipokea pia sheria ya pamoja ya ushirika iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Sheria hiyo inatambua maumbo mawili. Umbo jepesi huanza na watu watano, nalo huongozwa na komite isiyozidi watu watatu. Wanachama wakifika mia moja, komite inaweza kufikia watu watano. Umbo la pili ni ushirika wenye baraza la uongozi. Huo huanza na watu kumi na watano, na baraza lake huwa na watu kati ya 3 na 12. Pembeni yake hukaa baraza la usimamizi la watu 3 hadi 5, ambao kazi yao ni kuwakagua wale wa kwanza, na hakuna anayeruhusiwa kukaa katika mabaraza yote mawili. Kura ni moja kwa kila mtu, awe ameweka hisa moja au mia.

Kwa hiyo ule mkutano wa chini ya turubai, kama ushirika wao umesajiliwa kwa umbo jepesi, umetumia siku nzima kuweka viongozi kumi na mmoja pale ambapo sheria haikubali zaidi ya watano. Mambo haya hutokea kwa sababu katiba ya ushirika imeandikwa kwa Kifaransa, imenakiliwa kutoka kwa ushirika mwingine, na nakala yake iko ndani ya mkoba wa mtu mmoja. Vikundi vingine hukwepa kwa kujiandikisha kama ASBL, yaani shirika lisilo la faida. Sheria ya ASBL ya tarehe 20 Julai 2001 huacha idadi ya viongozi iamuliwe na katiba ya shirika lenyewe, basi mlango unabaki wazi: viti ishirini, viti thelathini, na washauri wa heshima juu yake. Kenya, kwa kulinganisha, sheria yake ya ushirika imeweka kamati ya watu wasiopungua watano wala kuzidi tisa, na hapo ubishi umefungwa mapema.

Sasa kwa nini kiti kinapiganiwa hivi? Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Masisi ina kilomita za mraba 4,734, na imegawanyika sehemu nne: usheferi wa Bahunde, usheferi wa Bashali, sekta ya Osso na sekta ya Katoyi. Walikale ni kubwa mara tano, kilomita za mraba 23,475, nayo ina sekta mbili tu, Wanianga na Bakano, lakini ndani yake kuna groupement, yaani migawanyo ya chini ya sekta, zaidi ya kumi na mbili, na kati ya moja na nyingine kuna siku za kutembea msituni. Pale ambapo simu haishiki na barabara ni matope, kiti katika baraza si heshima tu. Ndiyo njia pekee ya habari kufika. Kijiji kisichokuwa na mtu mezani hakitajua kwamba bei imebadilika, kwamba mnunuzi amekuja, kwamba mbegu zimegawanywa. Mjumbe anaporudi nyumbani na mfuko wake begani, watu humfuata mpaka mlangoni kumwuliza. Anayedai kiti anadai kusikia.

Hesabu ya Masisi inavutia sana: sehemu nne, viti vitatu kila moja, jumla kumi na viwili, na ndiyo namba ya juu kabisa inayokubaliwa na sheria. Nimesikia watu wakisema kwamba hapo sheria na Masisi zimepatana. Lakini Walikale ikitaka kufanya hivyo kwa groupement zake, hata kwa kiti kimoja kimoja bado nyingine zitabaki nje. Na hata Masisi, mgawanyo wa sehemu nne hauwatoshi wale wanaohesabu kwa njia nyingine, yaani kwa jamii: Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanande, Watwa.

Hiyo ndiyo sababu ya pili, na lazima isemwe wazi. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na moto ukashika Masisi yote. Tangu mwaka huo, orodha yoyote ya majina katika nchi ile husomwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti, na katibu. Mara ya pili kimya, na kila mtu moyoni mwake, jina kwa jina: huyu ni wa nani, yule ni wa wapi. Ushirika wa maharagwe haukuanzisha jambo hilo, lakini umelirithi. Mtu anapodai kiti kwa ajili ya "watu wetu", mara nyingi haombi mamlaka. Anaomba uhakika kwamba siku mambo yakiharibika, atakuwapo mmoja wao chumbani aliyesikia kila neno.

Ni ombi la haki, lakini limekwisha kujaribiwa mahali pakubwa kuliko ushirika wowote. Mwaka 1998 Kivu Kaskazini ilipata Barza Intercommunautaire, baraza la wazee wa jamii tisa: Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wakusu, Wanande, Wanyanga, Watembo na Watutsi. Wakano, Wakumu na Wanyanga, ambao mara nyingi husahaulika mjini Goma, walikaa pale sawa na wengine. Kwa miaka kadhaa baraza lile lilizima migogoro ya mashamba na ya mifugo kabla haijafika kwenye bunduki, na watu wengi wanalikumbuka kwa shukrani. Mnamo 2005 likavunjika. Siasa za uchaguzi zilipokaribia, kila mzee alivutwa arudi kuwa msemaji wa kabila lake. Kilichofanya viti vile viwe na uzito, yaani kwamba kila mmoja amebeba jamii yake, ndicho kilichoviangusha.

Kwangu mimi funzo la Barza kwa ushirika liko hapo. Mjumbe aliyeletwa mezani na mlima wake au kabila lake huhesabu kwanza faida ya waliomleta. Hilo si kosa lake. Ndiyo kazi aliyopewa. Lakini ushirika una mali moja, ghala moja, deni moja. Wakikaa watu kumi na wawili ambao kila mmoja analinda upande wake, deni lenyewe linabaki bila mlinzi. Kinachofuata kinajulikana: prezida, katibu na mtunza fedha wanaanza kukutana peke yao, usiku, kwa sababu "wale wengine wako mbali". Baraza la watu kumi na wawili limegeuka la watu watatu, na hakuna kura iliyopigwa.

Chama kidogo ndicho kilichonifanya niamini kwamba idadi si dawa. Likelemba watu wetu wanaijua tangu zamani: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka, hakuna hata kiongozi wa kutajwa. Hatua iliyofuata ni AVEC, vikundi vya akiba na mikopo vya kijijini, ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo umeenea mpaka kwenye vijiji vya Masisi na kambi za wakimbizi wa ndani. Kikundi huwa na watu wasiozidi ishirini na watano hivi, wengi wao wanawake. Komite ina watu watano: prezida, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili.

Tazama sanduku lenyewe. Ni la chuma, limechomelewa pete tatu, na kila pete ina kufuli yake. Mtunza sanduku hulala nalo nyumbani, lakini hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa wanachama watatu, na hao watatu hawamo kwenye komite. Siku ya mkutano, mpaka wote watatu wafike, sanduku halifunguki. Mmoja akiugua, humtuma mtu aliyekubaliwa na kikundi. Fedha humwagwa kwenye bakuli mbele ya wote, wahesabu wawili wanahesabu kwa sauti, na wanachama wanarudia namba ile pamoja kabla ya kuondoka, ili wiki ijayo waikumbuke. Mwisho wa mzunguko, kama mwaka mmoja, fedha zote hugawanywa na komite inachaguliwa upya.

Katika kikundi hicho sijasikia ugomvi wa kuongeza viti. Mama asiye na cheo chochote, aliyekaa kwenye ubao wa nyuma akimnyonyesha mtoto, ana ufunguo shingoni. Anajua namba. Wanachama ishirini na watano, komite ya watano, wenye funguo watatu: karibu theluthi ya kikundi ina kazi, na waliobaki wanaona kwa macho yao. Uaminifu hautoki kwenye wingi wa viongozi. Unatoka kwenye kutenganisha: anayetunza hafungui, anayefungua hatunzi, na wote wanasikia hesabu.

Mambo hubadilika kikundi kikikua. Ushirika wa wachimbaji unaweza kuwa na maelfu ya watu, na sheria haibadiliki: kumi na wawili. Hapo kiongozi mmoja yuko kwa mamia ya wanachama, na mwanachama wa kawaida hawezi kuona bakuli.

Bisie, Walikale, ndipo mahali pa kujifunzia. Kasiteriti, yaani madini ya bati, ilianza kuchimbwa pale mwaka 2002, ndani ya msitu, safari ya kilomita zaidi ya arobaini kwa miguu kutoka Njingala kwenye barabara ya Kisangani. Wabebaji walitoka na mizigo ya kilo hamsini, na ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara hiyo huko Kilambo kuchukua mawe. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, ambaye wachimbaji humwita PDG, na chini yake wasimamizi na timu za watu wa kuchimba. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 2006, kikosi cha jeshi la taifa ndicho kilichotawala mlima ule na kujikusanyia ushuru. Na juu ya mlima huo huo mmoja yaliundwa makundi yaliyodai kusema kwa niaba ya watu: Groupe Minier Bangandula, lenye jina la ukoo unaodai ardhi; COMIMPA; COCABI. Kila moja lilikuwa na prezida wake, muhuri wake na marafiki zake Goma na Kinshasa.

Hapo tunaona sura nyingine ya ugomvi wa viti. Watu wakishindwa kukubaliana nani akae mezani, huunda meza ya pili. Badala ya baraza la kumi na wawili, mabaraza matatu ya kumi na wawili. Kampuni yenye kibali, kwanza MPC na baadaye Alphamin, hukuta wasemaji wengi wa mlima mmoja na huweza kuchagua wa kuongea naye. Mchimbaji aliye mita mia chini ya ardhi hakuchagua hata mmoja wao. Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, hakuna meza iliyoweza kuwatetea. Leo Bisie ni mgodi wa viwanda, mmoja wa migodi mikubwa ya bati duniani, umeanza uzalishaji wa biashara mwaka 2019. Wachimbaji wa mikono walitawanyika.

Rubaya, katika Masisi, ilichukua njia tofauti. Pale koltani ilikuwa ndani ya kibali cha kampuni ya SMB, ya Édouard Mwangachuchu, aliyekuwa mbunge wa taifa. Wachimbaji waliungana katika ushirika wa COOPERAMMA, na mwishoni mwa 2013 pande mbili zikatia saini: wachimbaji waachwe wachimbe, na madini yote yauzwe kwa kampuni. Kwenye karatasi ulikuwa mkataba mzuri. Kwa kweli uligeuka mvutano wa miaka: deni la malipo lililocheleweshwa, tuhuma za madini kutoroshwa usiku, mifumo miwili ya kufuatilia magunia baada ya kampuni kuhama kutoka mfumo wa ITSCI. Kampuni ilikuwa na mbunge, na ushirika nao uliongozwa na mbunge wa jimbo. Hapo idadi ya viti ndani ya baraza ilipoteza maana, kwa sababu jambo kubwa lilizungumzwa kati ya wakubwa wawili.

Lakini swali gumu zaidi la Rubaya, na la Bisie kabla yake, ni hili: mwanachama ni nani? Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe na kadi yake na awe ndani ya ushirika uliokubaliwa na waziri. Kwa hiyo kila mchimbaji anasemwa kuwa mwanachama. Hata hivyo siku ya mkutano, wanaoitwa ni ma-PDG, wenye mashimo. Kijana anayeshuka na taa kichwani, mama anayeosha mchanga mtoni, mbebaji: hao wanaambiwa wako "chini ya" ushirika. Wanakatwa mchango kwenye kila kilo na hawana kura. Akina mama katika sehemu nyingi hawaruhusiwi hata kukaribia shimo, kwa imani kwamba madini yatakimbia. Ni wapi basi watakaa katika baraza, ingawa katiba ya 2006 na sheria ya usawa ya mwaka 2015 zinawapa haki hiyo? Ukiongeza viti kutoka saba hadi kumi na viwili ndani ya ushirika wa namna hii, umewaongezea wenye mashimo viti vitano.

Hili ndilo ninalotaka kusema. Ugomvi wa idadi ya viongozi hauishi kwa sababu idadi ya wanachama haijulikani. Pale ambapo orodha ya wanachama iko wazi, kama katika AVEC, viti huacha kupiganiwa. Pale ambapo orodha iko gizani, kila upande unadai kuwa mkubwa na kuwa na haki ya viti vingi, na hakuna daftari la kuwaamulia.

Kwa wafugaji jambo hili lina sura yake. Masisi ni nchi ya malisho, ya jibini inayouzwa mpaka Kinshasa, na pia ya mashamba makubwa yaliyogawiwa watu wachache tangu siku za Zaire. Mwenye ng'ombe mia tatu na mwenye ng'ombe wawili wanakaa katika chama kimoja. Sheria inasema kila mmoja kura moja, lakini mkutanoni huyu anazungumza amekaa na yule anasimama. ACOGENOKI, chama cha wafugaji cha Kivu Kaskazini, kina jibu ndani ya jina lake: ni muungano wa vikundi vya wafugaji. Mtu ni mwanachama wa kikundi chake kwanza, kikundi ndicho mwanachama wa muungano. Njia hiyo ina faida moja kubwa: kila kikundi lazima kijue watu wake kabla ya kutuma mjumbe. Ina hatari pia, kwa sababu vikundi vinaweza kuzaliwa kwenye karatasi usiku wa kuamkia uchaguzi, vikiwa na watu saba wa familia moja.

Fedha mpya za madini zimeleta swali hili tena Walikale. Sheria ya 2018 inalazimisha kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwa kila dola milioni 100 za mauzo, hizo ni dola 300,000. Zinasimamiwa na chombo ambamo wamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii. Mara moja swali linarudi: vijiji vingapi, viti vingapi, nani anachagua? Naomba watu wa Walikale wasianze na viti. Waanze na ramani: ni vijiji gani vinahusika, vimeandikwa wapi, na orodha hiyo imebandikwa kwenye mlango wa kanisa gani na wa shule gani. Kijiji kisichokuwa kwenye orodha hakitasaidiwa na mjumbe wa ziada wa jirani yake.

Na sasa vita. Rubaya ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-katikati mwanzoni mwa Januari 2025, Goma wiki chache baadaye. Walikale-katikati iliingiwa Machi 2025 na kuachwa mwanzoni mwa Aprili. Alphamin ilisimamisha kazi na kuanza tena. Huko Rubaya wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria ushuru unaokusanywa na M23 kuwa kama dola 800,000 kwa mwezi. Waziri wa madini aliweka maeneo ya Masisi katika rangi nyekundu, maana yake madini yake hayauziki kihalali. Watu walikimbilia kambi za kando ya Goma, Bulengo na Lushagala, na mwanzoni mwa 2025 kambi hizo nazo zikabomolewa, wakatawanyika tena.

Fikiria ushirika katika hali hiyo. Muda wa baraza umekwisha, hakuna mkutano mkuu uliofanyika. Prezida yuko Goma, katibu Minova, mtunza fedha Kampala. Nani ana haki ya kutia saini? Kuna mabaraza ambayo yanajiongezea watu wenyewe, kwa kuteuana, ili kujaza nafasi za waliopotea. Wanafanya kwa nia njema, lakini wanazidi kujitenga na waliowachagua. Kuna wengine wanaoendelea kutumia muhuri uliokwisha muda wake kwa sababu wafadhili bado wanaukubali. Silaumu, mtu anayekimbia na mtoto mgongoni hawezi kuitisha mkutano. Nasema tu kwamba siku ya kurudi, hao wote watarudi na mihuri yao, na kila mmoja atadai kuwa baraza halali.

Ningekuwa na sauti katika mkutano wa kwanza wa siku hiyo, ningeomba baraza dogo. Watano wanatosha kwa ushirika mwingi; saba kwa ule mkubwa sana. Kazi ya kila siku haihitaji watu kumi na wawili, na sheria haiwapi mshahara, kwa hiyo nauli yao hutoka kwenye maharagwe ya wanachama. Wale wa Katoyi na Osso, wa Wanianga na Bakano, ningewaweka kwenye baraza la usimamizi, ambako kazi ni kuangalia na siyo kugawana. Mlinzi anayetoka mbali ni mlinzi mzuri, kwa sababu hana shemeji ghalani. Mikutano ya milimani ingetangulia mkutano mkuu, kila mlima ukichagua wajumbe wake baada ya kusomewa hesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, na kurudia namba kama akina mama wa sanduku. Najua wapo watakaosema baraza la watano ni rahisi kununuliwa. Ni kweli, na ndiyo maana hesabu inatangulia uchaguzi kwenye ajenda, na ikiahirishwa, uchaguzi nao unaahirishwa.

Lakini kabla ya yote hayo ningeuliza liko wapi daftari la wanachama. Lile lenye karatasi za mistari, jalada gumu jekundu, majina kwa wino wa bluu na alama za vidole pembeni kwa wasiojua kuandika. Nyumba ya katibu huenda imeungua. Huenda mtu alilibeba mpaka Bulengo ndani ya ndoo, chini ya unga, na bado analo. Kama halipo, basi mezani liwekwe daftari jipya na kalamu, mlango wa turubai ufunguliwe, na waingie mmoja mmoja: mwenye shimo na anayeshuka ndani yake, mwenye ng'ombe mia tatu na mwenye wawili, mama anayeosha mchanga. Kila mmoja aseme jina lake na mlima wake, na katibu aandike. Hata ikichukua siku nzima.